Kilobaiti Sitini na Nne

Saa nane za usiku, Kadutu yote imezima.
Mashine ya hospitali iko mezani kwangu, tumbo wazi,
inapumua kwa betri ya gari la Cirhuza.

Picha za vifua zinatoka nusu.
Mbavu za juu zipo, nyeupe, zinahesabika;
chini ya ubavu wa saba, giza.
Daktari Murhula alidhani ni mapafu.
Nusura aandike dawa ya giza.

Si mapafu. Ni kiendeshi cha diski,
mistari mia sita ya mtu wa mbali
aliyeamini kila diski ina mgongo kama wa diski yake.
Anachota kumbukumbu, megabaiti nzima,
anaitwika kadi kwa mkupuo mmoja: haya, nenda.
Na kadi hii kuukuu, iliyotufikia imechoka,
inabeba kilobaiti sitini na nne kwa safari.
Haipigi kelele. Hairudishi kosa.
Inabeba inachoweza, kilichobaki inakimwaga njiani,
ikifika inasema: nimefika.

Hapo niliacha kuandika.

Mama alikuwa akishuka Muhanzi alfajiri,
boti za Idjwi zikishusha muhogo.
Mkanda kwenye paji, gunia mgongoni,
kilo sabini kupanda kilima, udongo unateleza.
Mwenye mali hakuwahi kuuliza, unaweza ngapi?
Aliongeza tu, kwa mguu akalisukuma gunia likae vizuri.
Na mama akifika alisema: nimefika.
Sisi tulihesabu franga.
Hatukuhesabu kilichomwagika njiani:
goti la kushoto, meno mawili,
mtoto aliyekuwa azaliwe kati yangu na Mugisho.

Basi naandika kabla betri haijafa.
Mstari wa kwanza ni swali:
wewe, kiasi gani kwa safari moja?
Kadi inajibu papo hapo.
Ilikuwa na jibu tangu kiwandani.

Mengine ni hesabu ya sokoni.
Gawa mzigo. Peleka fungu, ngoja neno lirudi,
peleka lingine. Na lile la mwisho,
dogo, lisilojaa, usilisahau,
maana ndipo ninapokosea.
Nilikosea. Picha ikatoka na michirizi,
kifua cha mtu nyuma ya nondo.
Nikafuta, nikanywa chai iliyopoa, nikahesabu tena kwa vidole.

Saa kumi na moja, Ruzizi inaturudishia umeme,
friji ya jirani inakohoa.
Ubavu wa nane. Wa tisa.
Wa kumi una ufa, mwembamba kama unywele,
ulikuwa pale siku zote.

Cirhuza amekuja kuchukua betri yake.
Anatazama juu ya bega langu, picha ikishuka fungu kwa fungu.
Dada Nabintu, anasema, mbona sasa inachelewa?

Ndiyo. Sekunde nne kwa kila kifua.
Ziache zipite.