Ya Katikati

Tumelala ndani ya lori, mimi na baba,
siku mbili za barabara kutoka Nebraska,
na alfajiri hii chumvi ya Utah imetandazwa
kama shuka ambayo hakuna aliyewahi kuilalia.
Fodi ya mwaka thelathini na nne haina boneti.
Injini iko wazi, silinda nane,
na juu yake kabureta tatu kwenye mstari mmoja
kama ndugu kwenye benchi la hospitali.

Nyumbani zilikuwa na kauli moja.
Hapa zinagombana.
"Hewa nyembamba," amesema Delmar wa hema la pili,
"petroli inazidi, mnamnywesha asiye na kiu."
Jana usiku tulibadilisha jeti kwa mwanga wa tochi,
vishaba vidogo, karibu sawa na punje ya mtama.
Kimoja kikaanguka.
Tulikitafuta kwa magoti mpaka saa sita.

Baba ni kiziwi, si wa kuzaliwa.
Aliyauza masikio yake kidogokidogo,
miaka arobaini ya eksozi zisizo na sailensa,
na ukimuuliza alilipwa nini
atakuonyesha kikombe cha ushindi, cha bati,
anachowekea misumari.

Basi mwaka huu masikio ni yangu.
Nakata futi mbili za mpira wa bustani,
ncha moja kwenye koo la kabureta ya mbele,
ncha ya pili sikioni.
Ssss.
Inavuta kama mtu anayeonja chai ya moto.
Ya nyuma vilevile.
Ya katikati inanong'ona, inakohoa,
inapiga chafya, inanong'ona tena.
Namwonyesha kwa vidole: hii mvivu, niifungue.
Nimeshashika bisibisi.

Anasukuma mkono wangu pembeni.
Anafunika mdomo wa ya katikati kwa kiganja,
macho ameyafumba,
kama anayepima homa ya mtoto.
"Mwongo!" anasema, kwa sauti kubwa ya viziwi,
hata hema za mbali zinageuza vichwa.
Sijui ananiambia mimi au anaiambia kabureta.

Anachovya kidole kwenye kopo la oili,
anakizungusha taratibu pale kitako kinapokalia chuma.
Upande wa kushoto, hakuna kitu.
Nyuma, hakuna kitu.
Kulia —
na injini inanyooka ghafla,
misi imekwisha, mtetemo umekwisha,
sekunde tatu tu, kisha oili inanyonywa ndani
na kelele zinarudi.
Hakusikia chochote.
Aliona uso wangu.

Kumbe ilikuwa inapumulia ubavuni.
Gasketi imepasuka, ufa mwembamba kama unywele,
nami nilikuwa karibu kumpa dawa asiyeumwa.

Anazima. Anakata gasketi mpya
kutoka boksi la biskuti, kwa mkasi wa kucha,
ulimi umetoka nje kidogo, kama mtoto wa chekechea.
Tunafunga. Tunawasha.
Narudi na mpira wangu: ya mbele, ya katikati, ya nyuma,
ssss, ssss, ssss,
siwezi tena kuzitofautisha.

"Ikoje?" anauliza.
Swali hilo hajaniuliza tangu tuondoke.
Nini nimwambie? Naandika kwa kidole
juu ya vumbi la chumvi kwenye mlango:
KAMA BIRIKA LIKIANZA KUIMBA.

Anasoma. Anafikiri.
Delmar amekuja na kahawa, anasimama naye anasoma.
"Birika," anasema baba, anatikisa kichwa.
"Birika bado.
Robo mzunguko, kulia. Zote tatu."

Nachukua bisibisi.
Naanza na ya katikati.