Bahasha ya Petimat

Hukumu ilipanda Kaukazi pamoja na theluji,
kurasa sitini na moja, muhuri mmoja.
Niliisoma mimi, maana Kifaransa ni changu
na mtoto si wangu.

Petimat alikuwa akikanda unga.
Hakunawa. Alisema, Soma.
Nikasoma: Dola imekiuka haki ya kuishi.
Nikasoma: majaji saba, kwa kauli moja.
Akauliza, Wamesema yuko wapi?
Nikafunua. Nikafunua tena.
Palikuwa na aya kuhusu gharama za posta.

Miaka kumi na mitatu amebeba picha ya Turpal,
ile ya kitambulisho, sikio moja limeliwa na ukingo,
kituoni, kambini, kwa mwendesha mashtaka
ambako kijana mwenye mafua alimwandikia risiti.
Faili limesitishwa.
Faili limefufuliwa.
Faili limesitishwa.
Kumbe kuna vinavyofufuka.

Husemwa sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma.
Huu umefika mkali, meno yote kamili,
ila mpini wameusahau Strasbourg,
na aliyeagizwa kuuchonga
ndiye gogo lenyewe.

Pesa zililipwa, nisifiche. Kwa wakati, hadi senti.
Paa halivuji tena.
Kapteni wa usiku ule sasa ni kanali;
jina lake liko ukurasa wa kumi na tisa,
pamoja na namba ya gari lake.
Alhamisi hukutana foleni ya mkate.
Humpisha mbele, kwa heshima ya umri,
naye hupita,
kwa sababu mkate huisha.

Kila mwaka kamati huuliza.
Kila mwaka serikali hujibu: hatua zinachukuliwa.
Nimemtafsiria neno hilo mara tisa.
Mara ya tisa aliangalia mlango,
kama mtu aliyesikia viatu barazani.

Jana aliniita. Unga tena, mikono ile ile.
Waandikie, akasema. Paa nitalibomoa,
mabati nitauza, pesa zao nitawarudishia.
Wanipe shimo.
Hata kama ni la watu wengi, waniambie tu shamba gani,
mti gani uko karibu.

Nimeandika, kwa Kifaransa kilichonyooka,
nikakwama kwenye anwani.
Bahasha iko mezani. Stempu nimenunua mimi.
Aya ya mia na nne inasema zitarudishwa
gharama zote za posta
zenye ushahidi.