Kisanduku Kisicho na Nyota

Winnipeg, Februari. Chumba cha chini cha kanisa.
Watoto wako juu wanakariri mistari;
buti zao, jozi kumi na saba, zinatiririsha theluji
juu ya magazeti ya juzi. Sisi wanne tumekizunguka kishikwambi
kama watu wanaoota moto usio na joto.

Mwuzaji alikuwa Toronto, uso wake ukikatika-katika.
Programu ya kwanza, alisema, inatambua sura.
Shemasi Wilondja akakohoa: "Sura tunazitambua wenyewe."
Ya pili ilikuwa rahisi, ila mtandao ukianguka nayo inaanguka,
na mtandao wetu ni wa kuazima, wa Walutheri wenye jengo.
Ya tatu huchapa vibandiko viwili:
kimoja kifuani kwa mtoto, kimoja mkononi mwa mzazi,
tarakimu nne zilezile. Dola thelathini na tisa kwa mwezi.
Mama Asukulu, mhazini, alihesabu kwa vidole chini ya meza.

Mimi sikuitaka hata moja.
Namba nilikwisha zivaa. Kambini, kadi ya mgao
ilitobolewa matundu hadi ikawa kama chekecheke,
na jina langu likawa kitu cha kuulizwa mwisho.
Nikasema: hapa kila mama ni mama.
Tangu lini shangazi akaonyesha karatasi?
Wakacheka. Nikajiona nimeshinda.

Tukajaribu tu, kwa kuwa mwuzaji alikuwa mvumilivu.
Tarehe ya kuzaliwa: nyota nyekundu, lazima.
Programu ikatutangazia, kwa maputo ya rangi,
kwamba wazazi kumi na tisa wamezaliwa Januari mosi.
"Ajabu iliyoje!" akasema mwuzaji. Hatukumweleza.
Ofisa mmoja, kalamu moja, asubuhi moja ya haraka.

Jina la ukoo, lazima. Simu, lazima.
Mzio wa chakula, lazima
(Salima na karanga; hapo hata mimi nilishukuru).
Kisha, chini kabisa, kisanduku kisicho na nyota:
Nani asiruhusiwe kumchukua mtoto?

"Hicho ruka," akasema Shemasi. "Sisi ni ndugu."

Mwavita alikuwa kabatini akipanga penseli za rangi.
Hakugeuka. Penseli zilisimama mkononi.
Hakusema neno, ila nikakumbuka
Jumapili zote alizosali karibu na mlango,
shali hajavua, jicho kwenye ngazi.
Nikakumbuka Septemba: mwanawe Ebuela, miaka mitano,
na mtu aliyecheka vizuri, aliyeniita dada,
"mimi babake, gari linaunguruma nje,"
nami nikamfunga mtoto zipu hadi kidevuni,
nikampa.

Walirudi saa nne usiku. Walirudi.
Hakuna aliyeniuliza, nikadhani hapakuwa na neno.

Nikakivuta kishikwambi kwangu.
"Hiki," nikamwambia mwuzaji, "kinaweza kuwekewa nyota?"
Katika ya tatu, ndiyo: unabonyeza hapa,
na jina halionekani mlangoni,
mwalimu peke yake huona taa ya njano.
Mama Asukulu alikuwa amekwisha kunja vidole.
Kura hatukupiga.

Jumapili ya kwanza printa ilikwama mara mbili.
Bibi Etongo alibandika chake ndani ya Biblia,
Biblia akaiacha juu kwenye benchi.
Nikamsimamisha mlangoni, mimi, aliyenipikia uji kambini,
nikamwomba apande tena akailete,
magoti yale, ngazi zile.
Masikio yaliniwaka moto. Alinuna hadi Pasaka.

Mwavita alishuka wa mwisho, shali mkononi.
Akanipa nusu yake, nikaiweka kando ya nusu ya Ebuela:
4417, 4417.
Nilizisoma mara mbili, kwa sauti, kama mjinga.
Ebuela akauliza kama anaweza kubaki nayo.
Akainama, akaibandika kwenye buti,
wakatoka. Theluji iliichukua
kabla hawajafika kituoni.