Lakiri

Miaka ishirini na sita nilikaa Kilindini,
lango la pili, kidirishani,
nikisoma hati za shehena kwa kidole:
imetoka wapi, imepitia wapi,
nani aliyeitia lakiri, na lakiri imeguswa?
Mchele wa kwenye karatasi niliukuta matairi.
Mtu wa namna hii
humwambii kwamba ameshinda gari.

Wao waliniambia. Kila alfajiri,
kabla sijateleka chai,
barua arubaini na ushei kikashani:
mjane wa jenerali ananiita kipenzi,
benki nisiyoijua inaililia akaunti yangu,
dawa ya kurefusha kisichokuwapo mwilini mwangu.
Na chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
“Umechoka na barua zetu? Bonyeza hapa.”
Nikabonyeza. Ujinga wangu.
Kumbe kujitoa ni kuitika hodi.
Kesho yake zikaja themanini.

Twalib, mpwa wangu, ndiye aliyenionyesha
kwamba kila barua pepe ina mgongo,
na mgongo una mihuri,
husomwa kutoka chini kwenda juu
kama ngazi za ghorofa letu hapa Tudor:
mashine gani imepokea kwa mashine gani,
saa, namba nne, nukta tatu.
“Ya juu iamini,” akasema,
“ya chini mtu aweza kujichongea.”
Nikacheka hadi chai ikanipalia.
Forodha imenifuata nyumbani!

Nikatoa daftari la mistari.
Mjane wa jenerali: kaondoka mji wenye theluji saa tisa usiku,
akapitia kompyuta ya duka la maua ng'ambo
(mwenye duka hajui kwamba usiku mashine yake hutoka kutembea),
akafika Mombasa kwa sekunde mbili.
Sekunde mbili!
Sisi kontena la vitunguu lilituozea wiki tatu
kwa kukosa sahihi moja.
Nikawaandikia wenye mitambo. Wengi kimya.
Mmoja akajibu: asante, tumeifunga.
Usiku huo nililala kama niliyelipwa malimbikizo.

Kisha nikaanza kufunga mwenyewe.
Anwani moja moja, kama kuua siafu kwa kidole gumba;
wakabadili majina.
Nikafunga vikoa vizima; wakahama.
Nikafunga maneno:
zawadi, bahati, haraka, mirathi,
hasa mirathi, maana kila tapeli
ana maiti tajiri asiye na mtoto.
Kikasha kikatulia.
Nikaanza kuisikia feni inapokwaruza.
Wiki nne hakuna aliyeniandikia,
nami nikajisifu.

Juzi, umeme uliporudi,
niliingia jalalani kuhesabu mateka.
Kati ya mjane na bahati nasibu:
Swafiya binti Mbwana.
Dada yangu.
Hatujasemezana tangu kesi ya nyumba ya Kibokoni;
simu yake nilikwisha kuifungia zamani,
kabla sijajua kufunga kitu kingine chochote.
Kichwa cha barua: “Mirathi ya mama, njoo haraka.”
Maneno mawili niliyoyapiga marufuku,
mstari mmoja.
Mashine haikukosea. Ilitii.

Siku ishirini na tisa imelala pale.
Ya thelathini, jalala hujifuta lenyewe.

Sikuifungua.
Niliigeuza mgongo kwanza, mkono ushazoea,
nikasoma kutoka chini:
hakuna theluji, hakuna duka la maua.
Simu ya mkononi, mtambo wa hapa hapa nchini,
saa kumi kasorobo usiku,
saa ambayo mama alikuwa akituamsha kula daku,
Swafiya upande wa ukuta, mimi ukingoni,
shuka moja.
Kutoka Kibokoni hadi hapa
ni mwendo wa miguu, hata viatu havichoki.

Mihuri yote ya kweli.
Lakiri haijaguswa.

Nikaivunja.