Mgeni wa Kusini

Hapa Morro Bay bahari ni baridi hata Agosti:
nyuzi kumi na tatu, kasema Delfina,
akichomoa kipimajoto kwenye ndoo,
vidole vimemwiva wekundu.

Redioni wanasema tufani inapanda kutoka Meksiko.
Jirani kajaza mchanga magunia arobaini.
Mimi nimenunua mishumaa, nikasahau kiberiti.

"Haifiki," ananiambia Delfina.
"Tufani hula maji ya moto. Kwetu itakuta nini?
Kiporo. Kisichopashwa."

Nikakaa kibarazani kumngoja
mgeni aliyeondoka kwao kwa kishindo,
akapita juu ya mkondo wetu mchoyo
asipewe hata tonge,
akapunguza sauti, akavua upepo kama koti,
jicho lake akalisahau njiani.

Saa tisa usiku, hodi.
Si tufani tena: mvua tu, vuguvugu,
yenye harufu ya mahali nisipopajua,
ikivishukia vilima ambavyo tangu Machi
vimekauka rangi ya mkate.

Asubuhi magunia yamelowa, hayana kazi.
Delfina kashuka gatini na ndoo yake, hata hakuniuliza.
Nami nimesimama uani, pekupeku kwenye tope,
mwenyeji niliyepona
kwa mgeni asiyefika.