Kamusi ya Mikono

Nilivaa kizibao cha wapiga picha wa televisheni,
beji ya kuazima shingoni, yenye jina la mtu mwingine,
nikasimama pembeni mwa uwanja wa Omaha
baridi ikinitafuna masikio.
Mpira sikuutazama.
Watu elfu sitini waliutazama kwa niaba yangu.
Mimi nilitumwa mikono.

Mikono ya Lyle Vandersloot, kocha msaidizi wa ulinzi,
mfupi, glavu nyeupe, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi.
Kila mara kabla mpira haujatembea
aliwaambia vijana wake nani avamie, nani arudi nyuma,
bila kufungua kinywa.
Sekunde sita.
Kamera yangu haikubakisha hata moja.

Usiku, hotelini, karibu na barabara kuu,
nilirudisha picha mbele na nyuma mpaka macho yakawasha.
Nikaandika katika daftari la shule, la mistari:
kiganja shavuni, wawili wanavamia kushoto.
Ngumi juu ya ngumi, ya juu ikizunguka kama inayosaga, wote nyuma.
Vidole vikibana kola, jihadhari,
anakuja yule jitu, namba tisini na moja.

Hathcock, bosi wangu, alisema: Pruitt, huu si wizi.
Anayeanika nguo zake uani
asilalamike kwamba jirani kachungulia.
Nikacheka. Nilikuwa na deni la nyumba.
Tena za mwizi ni arobaini,
na msimu wetu una mechi kumi na saba tu.

Ishara moja ilinishinda.
Vidole viwili kifuani, kisha mdomoni, kisha juu
kuelekea viti vya mashariki, safu za chini.
Baada yake mara walivamia, mara walitulia.
Niliandika: geresha. Haina maana.

Januari tukakutana nao.
Alipoinua mkono tu, sauti ilikwisha kufika
sikioni mwa mrushaji wetu.
Thelathini na nne kwa sita.
Robo ya tatu nilimwona Vandersloot
akizitazama glavu zake
kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kimevunjwa
na ndani hakuna kilichosogezwa.
Akatia mikono mfukoni, akaanza kupiga kelele.
Nani angemsikia?

Walimfukuza kabla theluji haijayeyuka.
Habari zake zilichapwa chini kabisa ya ukurasa wa michezo:
anauza matairi na shemeji yake huko Kearney.
Mama yake, Bernadine, kiziwi tangu kuzaliwa,
alizikwa mwezi wa Novemba.
Ishara zote za timu, alisema, zilitoka jikoni kwa mama.

Kiganja shavuni: kalale.
Ngumi juu ya ngumi: kahawa.
Kola: funga vifungo, nje kuna baridi.
Na ile ya viti vya mashariki
aliitupa kila Jumapili, msimu baada ya msimu,
hata baada ya Novemba, kwa kiti kitupu:
nimekuona, mama. Umekula?

Nilipewa pete, nzito, ina vito vya bluu.
Haipiti kwenye kifundo cha kidole
na sijaipeleka kwa sonara.
Barua nimeianza mara tatu.
Nimwambie nini? Kwamba nyumba yao ilikuwa na lugha
yenye wasemaji wawili,
mmoja amekufa,
na wa pili sasa ni mimi na yeye?

Daftari bado ninalo. Mstari mmoja nimeufuta
mpaka karatasi ikatoboka.

Alfajiri naweka birika jikoni.
Mke wangu yuko zamu ya usiku, hajarudi.
Ngumi juu ya ngumi, naizungusha taratibu,
mbele ya dirisha lenye giza,
halafu natazama pembeni,
kama bado kuna mtu mwenye kamera.