Hesabu Hadi Nane

Mashine ililetwa Gerezani kwa mkokoteni,
imefungwa kanga iliyofifia maandishi.
Pazi, mwanafunzi wangu wa wiki ya pili,
alitaka kuichomeka palepale.
Ngoja, nikamwambia. Mgeni haulizwi habari
kabla hajakaa.

Tukaupapasa waya wote, kidole kwa kidole,
kama watafutao mwiba.
Karibu na plagi umechubuka; tukakata, tukaunga,
na ule wa kijani, ambao mafundi wengi
huuacha ukining'inia,
tukaubana kabla ya wenzake.
Sakafuni maji ya mvua ya jana.
Tukayafuta hadi saruji ikapauka.

Mtungi wa argoni ni mrefu kunishinda.
Mnyororo, ukutani, mara mbili:
ukianguka, shingo ikakatika,
hauombi njia. Unapita.
Saa ya gesi isome lita nane.
Feni zima. "Dada Mwanaidi, joto hili!"
Joto utalizoea, Pazi. Upepo ni mwizi,
anaichukua gesi kabla haijafika kazini.
Ila mlango uache wazi:
argoni ni nzito, haina harufu,
hulala chini ya chumba kama maji,
na anayezama humo hajui kwamba amelowa.

Sindano ya tangsteni noa kwa urefu,
mistari ielekee nchani.
Ikigusa chuma, umeinajisi; rudi jiweni.
Siku ile Pazi alirudi mara kumi na moja.

Kazi yenyewe: tangi la maziwa la Mama Aikande,
ufa mwembamba kama unywele.
Wahenga walituambia tuzibe ufa.
Hawakusema kwamba mwingine huzibwa kwa pumzi.
Maana chuma cha pua, kumbe, kina pua kweli:
kikiwaka kinavuta hewa hii hii tunayoishi nayo,
nayo inakiua, mgongoni kikatoka punje nyeusi
kama sukari iliyoungulia sufuriani.

Pazi akaja na dawa ya kusafishia breki, afute mafuta.
Nikampokonya, akashtuka.
Mvuke wake ukikutana na mwali huu ni sumu.
Tukatumia asetoni, kitambaa safi,
chupa tukaipeleka nje, tukasubiri pakauke.

Glovu. Shati la mikono mirefu, kola imefungwa.
Kinyago.
Mwaka niliojifunza nilichungulia bila kinyago,
mara moja tu, nikajiona jasiri.
Saa nane usiku nikaamka na mchanga
wa Koko yote machoni,
mume wangu akanishika mkono kunipeleka chooni
kama bibi harusi.
Pazi alicheka. Kisha akakishusha kinyago.

Mguu kwenye kanyagio: hilo nililijua zamani,
kwa cherehani ya mama, Magomeni.
Mkono wa kulia, mwali.
Wa kushoto, ufito: chovya, toa, chovya, toa,
kama mtu mwenye andazi na chai
asiyetaka lilowe.
Kijidimbwi kinang'aa, kinakufuata
ukikiheshimu.

Nikampa kipande cha majaribio.
Alikwenda vizuri, mpaka mwisho,
mwali ukazimika, akainua mkono kwa furaha,
na pale alipoishia pakawa peusi.

Usiinue.
Moto umekwisha, lakini chuma hakijui.
Bakia hapo hapo, gesi ikifunike,
hesabu hadi nane.
Nikahesabu naye. Sikuwahi kumfundisha mtu
kitu kigumu kuliko kukaa bila kufanya kitu.

Jioni Mama Aikande akajaza tangi maji.
Mshono wenyewe, rangi ya ganda la kitunguu,
hakuutazama.
Alipitisha kiganja chini, kikatoka kikavu.
Akakipitisha tena.
Halafu akaomba apunguziwe elfu tano.

Pazi alikuwa kando, glovu mkononi,
midomo ikicheza bila sauti:
sita, saba.